Kutangaza, kukataza au kukagua: jarida la afya lichague njia ipi ya kushughulikia mgongano wa maslahi?

Mswada unaosifu dawa mpya ya shinikizo la damu ukifika mezani kwa mhariri, msomaji ambaye hayupo pale angependa swali moja liulizwe kabla ya mengine yote: huyu aliyeandika amelipwa na nani? Majarida ya tiba yamelijibu swali hilo kwa njia tatu. Yapo yanayomtaka mwandishi atangaze mwenyewe maslahi yake, kisha tamko lichapishwe pamoja na makala. Yapo yanayomkataza mwenye maslahi ya kifedha kuandika aina fulani za makala. Na ipo njia ya kukagua, yaani kulinganisha maneno ya mwandishi na kumbukumbu za malipo zilizo wazi kwa umma.

Nawaandikia hasa wahariri na wajumbe wa bodi za majarida ya afya ya kanda yetu, yale ya vyuo vikuu, taasisi za utafiti na vyama vya madaktari, wanaotaka kuandika upya mwongozo wao kwa waandishi. Mwanafunzi wa uzamili au mwandishi wa habari za afya naye ataona humu namna ya kulisoma tamko. Msimamo wangu nausema mapema: hakuna njia kati ya hizi inayotosha peke yake, na pengo la kila moja hujitokeza kwenye aina fulani ya makala. Kwa hiyo bodi isiulize njia ipi ni bora kwa jumla. Iulize ipi inafaa makala ipi.

Kwa nini tusumbuke

Mwaka 1998 watafiti wa Toronto walichapisha katika New England Journal of Medicine uchunguzi wa mabishano yaliyokuwa yakiendelea kuhusu usalama wa vizuizi vya kalsiamu, kundi la dawa za presha ambalo wagonjwa wetu wanalijua kwa majina ya nifedipini na amlodipini. Miongoni mwa waandishi waliozitetea dawa hizo, asilimia 96 walikuwa na uhusiano wa kifedha na kampuni zinazozitengeneza. Kwa wale wasioegemea upande ilikuwa asilimia 60, na kwa wakosoaji asilimia 37. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima ushahidi wa tiba, yaliyohuishwa mwaka 2017 yakaonyesha jambo hilohilo kwa upana zaidi: tafiti za dawa na vifaa tiba zilizodhaminiwa na mtengenezaji huwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa takribani theluthi moja, wa kufikia hitimisho linaloipendelea bidhaa ya mdhamini.

Hii haina maana kwamba kila aliyelipwa anadanganya. Amlodipini inatumika hadi leo na inawafaa wengi. Maana yake ni kwamba fedha na maoni huandamana mno, kiasi kwamba kumficha msomaji habari ya fedha ni kumnyima nusu ya anachohitaji ili apime maoni.

Njia zenyewe

Njia ya kutangaza inaongozwa na Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba, ICMJE, iliyotokana na mkutano wa wahariri mjini Vancouver mwaka 1978. Mwaka 2009 kamati hiyo ilitoa fomu moja ya pamoja, na ile inayotumika sasa ilianza mwaka 2021. Kuhusu kazi inayochapishwa, fomu inauliza msaada wote uliopokewa tangu kazi ianze kupangwa, bila kikomo cha muda. Kuhusu mengine inarudi nyuma miezi 36: ruzuku na mikataba, mrabaha, ada za ushauri, malipo ya mihadhara, malipo ya kutoa ushahidi wa kitaalamu kwenye kesi, nauli na gharama za mikutano, hataza, nafasi kwenye bodi, hisa, hata vifaa na dawa ambazo mtafiti alipewa bure. Haina kiwango cha chini, kwa hiyo kiasi kidogo si kisingizio cha kunyamaza. Majarida ya PLOS huenda mbali zaidi: huangalia miaka 5, na huuliza pia maslahi yasiyo ya fedha.

Kukataza kulianza mapema kuliko wengi wanavyodhani. New England Journal of Medicine, lililoanza kudai matamko mwaka 1984, liliweka kanuni mwaka 1990 kwamba mwandishi wa tahariri au makala ya mapitio asiwe na maslahi ya kifedha katika kampuni ambayo bidhaa yake inajadiliwa, wala katika kampuni shindani. BMJ, jarida la tiba la Uingereza, lilitangaza mwishoni mwa 2014 kwamba tahariri na makala zake za kufundishia tiba hazitaandikwa tena na wenye uhusiano wa kifedha na viwanda vinavyohusika. Upo pia ukatazaji wa chanzo cha fedha badala ya mtu: PLOS Medicine liliacha kupokea tafiti zinazofadhiliwa na kampuni za tumbaku mwaka 2010, na BMJ likafuata mwaka 2013.

Kukagua kunahitaji mahali pa kukagulia, na mahali hapo pamejengwa na sheria. Marekani ilipitisha mwaka 2010 sheria inayozilazimisha kampuni za dawa na vifaa tiba kuripoti malipo zinayowapa madaktari. Kumbukumbu zilianza kukusanywa Agosti 2013, na tangu Septemba 2014 mtu yeyote anaweza kuzisoma bure kwenye kanzidata iitwayo Open Payments. Ufaransa ina sheria ya mwaka 2011 na kanzidata yake, Transparence Santé. Ubelgiji nayo ina rejesta ya lazima. Uingereza inategemea hiari ya kampuni zenyewe.

Maelezo peke yake hayamsaidii mtu kuchagua. Tuzipime njia hizi kwa kesi zilizotokea kweli.

Sukari, 1967

Mwaka 1967 maprofesa wa Harvard walichapisha makala ya mapitio katika New England Journal of Medicine kuhusu chakula na ugonjwa wa moyo. Makala ilielekeza lawama kwenye mafuta na kuupunguza uzito wa ushahidi dhidi ya sukari. Karibu miaka 50 ikapita kabla ya nyaraka za ndani kufichuliwa, katika makala iliyochapishwa na JAMA Internal Medicine mwaka 2016, kwamba chama cha wazalishaji wa sukari kiliwalipa dola 6,500 za wakati ule, kikapendekeza makala za kupitiwa na kikaona rasimu kabla ya kuchapishwa.

Kutangaza kungesaidia kidogo. Msomaji angejua, lakini makala ingebaki vilevile, ikiwa na jina la Harvard juu yake, na ingeendelea kunukuliwa. Rejesta za leo zisingeona kitu, kwa sababu zinahusu kampuni za dawa na vifaa tiba. Wauza sukari hawamo. Njia pekee ambayo ingezuia madhara ni kukataza. Makala ya mapitio ni mtu mmoja au watatu wanaochagua ushahidi upi uingie na upi uachwe, na uchaguzi huo hauna takwimu ghafi ambazo mwingine anaweza kuzichambua upya. Kumpa kazi hiyo aliyelipwa na mwenye bidhaa ni kesi ya nyani kumpelekea ngedere.

Chanjo na usonji, 1998

Februari 1998 The Lancet lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake 12, ikihusu watoto 12, iliyozua hofu kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela inahusiana na usonji. Hofu hiyo imevuka bahari na mipaka, na bado inasumbua wahamasishaji wa chanjo hadi leo. Mwandishi wa habari Brian Deer alifichua mwaka 2004 kwamba Wakefield alikuwa analipwa kupitia wakili aliyekuwa anaandaa kesi dhidi ya watengenezaji wa chanjo, kwa fedha za mfuko wa serikali wa msaada wa kisheria. Baadaye ilijulikana kwamba malipo yake binafsi yalizidi pauni 400,000. Aidha, mwaka 1997 lilikuwa limewasilishwa ombi la hataza la chanjo tofauti ya surua akitajwa kuwa mvumbuzi. Waandishi wenza 10 walijitoa kwenye tafsiri ya matokeo mwaka 2004. Makala yote ilifutwa Februari 2010.

Hapa kukataza kusingefaa, maana ilikuwa makala ya utafiti, na makatazo mengi hayagusi utafiti. Rejesta isingefaa pia: fedha zilitoka kwa mawakili, wala si kwa kampuni ya dawa. Kilichohitajika ni tamko lenye maswali makali. Kanuni ya jarida kwa wakati ule ilimwambia mwandishi ajiulize kama kuna jambo ambalo lingemtia aibu likijulikana baadaye. Swali la namna hiyo humwachia mwenye maslahi awe hakimu wa maslahi yake. Asiyeona aibu hatangazi chochote, na anaweza kuamini kabisa kwamba ametii. Fomu ya sasa haiulizi mtu anajisikiaje. Inauliza: umelipwa kwa ushahidi wa kitaalamu, ndiyo au hapana? Una hataza, ndiyo au hapana? Anayejibu hapana huku akiwa amelipwa amesema uongo unaothibitika, na jarida linaweza kuchukua hatua bila kubishana kuhusu nia.

Kwa sababu hiyo nasisitiza: kama jarida lenu bado lina mstari mmoja tu unaosema "waandishi waeleze mgongano wa maslahi kama upo", mstari huo ndio wa kubadilisha kwanza. Unamwachia mwandishi aamue kama anachopokea ni mgongano, wakati kazi hiyo ni ya mhariri na msomaji.

Mkuu wa tiba wa hospitali ya saratani, 2018

José Baselga alikuwa mkuu wa masuala ya tiba katika Memorial Sloan Kettering, New York, na jina kubwa katika utafiti wa saratani ya matiti. Septemba 2018, gazeti la New York Times na shirika la habari la ProPublica walilinganisha matamko ya makala zake na Open Payments, wakakuta mamilioni ya dola kutoka kampuni za dawa na afya ambayo hayakutajwa katika makala nyingi, zikiwemo za majarida makubwa kabisa. Yeye alisema hakukusudia kuficha. Siku chache baadaye alijiuzulu, na masahihisho yakafuata.

Fomu ilikuwepo, nzuri, na haikufua dafu, kwa sababu hakuna aliyekagua. Jambo linaloniuma katika kesi hii ni kwamba kumbukumbu zilikuwa wazi kwa mtu yeyote mwenye intaneti. Hakuna jarida hata moja lililohitaji kibali, fedha au mpelelezi. Lilihitaji mtu wa kuandika jina kwenye kisanduku cha kutafutia. Hapa kukagua kumezishinda njia nyingine zote.

Pale ambapo tamko lilikuwepo na halikutosha

Mei 22, 2020, The Lancet lilichapisha makala kuhusu haidroksiklorokwini kwa wagonjwa wa UVIKO-19, yenye wagonjwa 96,032 kutoka hospitali 671 za mabara sita. Takwimu zilitoka kampuni ya Surgisphere, na makala yenyewe ilieleza kwamba mmoja wa waandishi ndiye mwanzilishi wa kampuni hiyo. Shirika la Afya Duniani lilisimamisha kwa muda sehemu ya jaribio lake kwa sababu ya makala hiyo. Zaidi ya wanasayansi 100 waliandika barua ya wazi. Moja ya hoja zao ilihusu takwimu za Afrika, ambazo zilidai kumbukumbu za kielektroniki za kina kuliko hospitali nyingi za bara hili zilivyo nazo. Juni 4 makala ilifutwa.

Maslahi yalitangazwa. Kila mtu aliweza kuyasoma. Lakini tamko lilipokelewa kama stempu ya kupitisha mswada, wakati lilipaswa kuwa kengele ya kuuliza: kama mwenye takwimu ni mwenye kampuni, nani mwingine amezigusa takwimu hizo? Baadaye mwaka huohuo The Lancet lilianza kudai kwamba zaidi ya mwandishi mmoja awe amezifikia na kuzithibitisha takwimu. Kanuni hiyo haina gharama yoyote, na jarida dogo linaweza kuiweka kesho.

Udhaifu wa kutangaza usiosemwa vya kutosha

Wengi wetu tunadhani tamko hufanya kazi hivi: msomaji analiona, anapunguza imani yake kidogo, mizani inakaa sawa. Ushahidi hauungi mkono dhana hiyo. Leslie John na wenzake walichapisha katika BMJ mwaka 2019 jaribio lililofanywa ndani ya jarida la Annals of Emergency Medicine, likihusu karibu miswada 1,500. Baadhi ya wahakiki walipewa matamko ya waandishi na wengine hawakupewa. Alama walizotoa kwa ubora wa miswada hazikutofautiana. Hao ni wahakiki, watu waliozoea kusoma kwa shaka. Kwa mwanafunzi anayesoma usiku kabla ya zamu matumaini ni madogo zaidi.

Kuna ubaya mwingine. Daylian Cain, George Loewenstein na Don Moore walionyesha mwaka 2005, kwa majaribio ya washauri na washauriwa, kwamba mshauri aliyekwisha kutangaza maslahi yake huweza kutoa ushauri ulioegemea zaidi, kana kwamba kutangaza kumemtua mzigo. Anayeshauriwa naye hapunguzi imani kwa kiasi kinachotosha kufidia.

Halafu kuna gharika. Mwaka 2000 New England Journal of Medicine lilipochapisha jaribio la dawa ya sonona iitwayo nefazodoni, orodha ya uhusiano wa waandishi na kampuni za dawa ilikuwa ndefu mno kutosha kwenye kurasa, ikabidi iwekwe kwenye tovuti. Mhariri alipotafuta daktari bingwa wa afya ya akili asiye na uhusiano na watengenezaji wa dawa hizo ili aandike tahariri, aliwapata wachache sana. Msomaji anayekutana na majina 40 ya kampuni hajui lipi lina uzito.

Je, tuache kutangaza? Hapana. Tamko lina faida nyingine, na ndiyo inayonifanya nilitetee: linaacha maandishi yenye sahihi. Bila maandishi hayo hakuna cha kulinganisha na rejesta, hakuna uongo wa kuthibitisha, na miaka 10 baadaye mtafiti hana cha kuhesabu. Tamko ni kumbukumbu kwanza, onyo baadaye.

Bei ya kukataza

Wanaopinga makatazo husema wataalamu wazuri ndio wanaoitwa na kampuni, kwa hiyo ukiwakataza unabaki na wasiojua. New England Journal of Medicine lenyewe lilikubali hoja hiyo kwa sehemu: mwaka 2002 lililegeza kanuni yake ya 1990, likaweka neno "maslahi makubwa" na kikomo cha dola 10,000 kwa mwaka, likieleza jinsi ilivyokuwa vigumu kupata waandishi wa mapitio ya dawa mpya. Miaka miwili kabla, jarida hilohilo lilikuwa limewaambia wasomaji wake kwamba kati ya mapitio 40 ya dawa lililochapisha tangu 1997, 19 yalivunja kanuni yake lenyewe.

Mimi nazisoma habari hizo mbili pamoja. Kanuni haikushindwa kwa sababu ilikuwa kali. Kwa miaka ile ilishindwa kwa sababu haikusimamiwa hata na walioiandika, kisha ikalegezwa. BMJ lilipochukua msimamo mkali zaidi mwaka 2014, lilikubali kwamba baadhi ya majina makubwa yangepotea.

Hata hivyo, katika nchi ambayo mabingwa wa fani fulani ya watoto au ya figo wanahesabika kwa vidole, katazo pana litawanyamazisha watu tunaowahitaji. Njia ya kati ipo tayari. Tangu sera yake ya 2020, Cochrane inadai kwamba angalau theluthi mbili ya waandishi wa mapitio wawe hawana mgongano, na kwamba mwandishi wa kwanza na wa mwisho wawe huru. Mtaalamu aliyelipwa anaweza kuwemo, ujuzi wake usipotee, lakini haushiki usukani. Kwa miongozo ya matibabu, mapendekezo ya Taasisi ya Tiba ya Marekani ya mwaka 2011 yanafanana: mwenyekiti awe huru, na wenye maslahi wawe wachache katika kamati. Hii ndiyo kanuni ninayoiona inafaa majarida yetu kuliko ya BMJ.

Mambo ya kwetu ambayo fomu za nje hazikuyalenga

Kwanza, hatuna rejesta. Mhariri wa Dodoma au Kisumu hawezi kuandika jina la daktari wa hapa na kuona kampuni ilimlipa nini. Lakini hilo halimaanishi kwamba hawezi kukagua chochote. Makala nyingi za kanda hii zina waandishi wenza wa Marekani, Ufaransa au Ubelgiji, na hao wanaweza kutafutwa kwenye rejesta za nchi zao, bila kusahau kwamba ile ya Marekani inahusu madaktari na baadhi ya wahudumu wengine wa afya, wala haimhusu kila mtafiti. Jaribio lolote la dawa linapaswa kuwa limesajiliwa, iwe kwenye rejesta ya majaribio ya Afrika, PACTR, au kwingineko, na rekodi hiyo humtaja mdhamini. Ukilinganisha mdhamini wa rekodi na tamko la makala, kazi ya dakika chache, unagundua mengi.

Pili, fedha zetu hazitoki kwa kampuni za dawa peke yake. Kuna ruzuku za wafadhili wa nje, posho za semina, nauli za makongamano. Waandishi huniuliza kama posho ya mradi inahesabika. Fomu ya ICMJE inajibu wazi: gharama za mikutano na safari zilizolipwa na wengine ndani ya miezi 36 zinatajwa, na mfadhili wa utafiti wenyewe hutajwa daima.

Tatu, na hili naliona kubwa kuliko yote: tathmini za miradi zinazoandikwa na waliotekeleza miradi. Ofisa wa programu anaandika kwamba programu yake ilipunguza vifo, tamko linasema "waandishi hawana mgongano wa maslahi", na hakuna anayeshtuka kwa sababu hakuna kampuni. Ajira ni maslahi. Ruzuku ya awamu ya pili inayosubiri matokeo mazuri ya awamu ya kwanza ni maslahi. Mwongozo wa jarida unapaswa kuyataja haya kwa majina yake, pamoja na swali la ziada: je, kuna mwandishi anayelipwa na taasisi iliyotekeleza mradi unaotathminiwa?

Nne, maziwa ya kopo. Kanuni za Kimataifa za Uuzaji wa Maziwa Mbadala zilipitishwa mwaka 1981, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2012. Kwa majarida ya afya ya mama na mtoto, naona katazo la chanzo cha fedha, kama lile la tumbaku, ndilo sahihi. Na lianzie kwenye kurasa za matangazo. BMJ liliacha kuchapisha matangazo ya maziwa hayo mwaka 2019.

Chagua hivi

Kama jarida lenu lina mhariri mmoja anayefanya kazi hii baada ya zamu ya hospitali, chukueni fomu ya ICMJE kama ilivyo, bila kutunga yenu, na kila mwandishi ajaze yake. Mwandishi kiongozi asiwajazie wenzake. Ongezeni lile swali la ajira na mradi, na sharti la waandishi wawili waliozishika takwimu. Kukagua kila mswada hamtaweza. Kagueni yote yanayohusu dawa, chanjo, kifaa au chakula chenye jina la biashara, kisha chagueni mengine machache bila utaratibu unaotabirika, na mwongozo useme wazi kwamba ukaguzi huo upo.

Kwa tahariri na makala za mapitio, msitegemee tamko. Tahariri iwe na katazo kamili kwa bidhaa inayojadiliwa na washindani wake. Mapitio yafuate theluthi mbili za Cochrane, na mwandishi wa kwanza na wa mwisho wawe huru. Miongozo ya tiba inayochapishwa na vyama vya madaktari ichapishwe pamoja na orodha ya wajumbe wa kamati na maslahi yao, au isichapishwe.

Kama jarida ni kubwa, lina ofisi na mfumo wa kupokea miswada kwa intaneti, hakuna sababu ya kutokagua kila mwandishi wa jaribio la dawa. Andikeni pia mapema kitakachotokea uongo ukigundulika. Kamati ya Maadili ya Uchapishaji, COPE, ina chati za hatua: mwandishi aulizwe kwa maandishi, sahihisho lichapishwe, na ikibidi taasisi yake ijulishwe. Mwongozo usiotaja hatua huacha kila kesi iamuliwe kwa kuangalia ukubwa wa jina la mtu.

Tamko zuri hutambulika kwa kutaja nani, nini, lini. "Mwandishi wa pili amewahi kufanya kazi na sekta ya dawa" halitoshi. "Mwandishi wa pili alilipwa ada ya ushauri mwaka 2022 na 2023 na kampuni inayotengeneza dawa iliyochunguzwa, na kampuni hiyo ililipia nauli yake ya kongamano moja" linatosha, na jina la kampuni liwepo. Liwekwe mwanzoni, chini ya muhtasari, mahali pasipohitaji kulipia, kwa kuwa wengi husoma muhtasari tu. PubMed, kanzidata ya makala za tiba, huonyesha matamko chini ya muhtasari tangu 2017 pale mchapishaji anapoyatuma, hakikisheni mnayatuma.

Na bodi ijaze fomu hiyohiyo. Uchunguzi uliochapishwa na BMJ mwaka 2017 uliangalia wahariri 713 wa Marekani katika majarida 52 ya tiba, ukakuta nusu yao walipokea malipo kutoka viwandani mwaka 2014. Maslahi ya wahariri yawekwe kwenye ukurasa wa jarida na yahuishwe kila mwaka, pamoja na mapato ya jarida kutokana na matangazo na ada za uchapishaji. Mhariri mwenye uhusiano na kampuni inayotajwa kwenye mswada aukabidhi kwa mwingine kabla hajaufungua, na jina la aliyeamua badala yake lichapishwe mwishoni mwa makala.